Miti ya Kumpokea Mgeni

Ndugu zangu wa Kindu, na ninyi mliohamia mbali mkabaki kuitaja Kindu mnapokumbuka samaki wa mto Lualaba, kaeni kidogo. Nataka kuwasimulia habari ya nyumba moja ya mtaa wetu, nyumba ya Okito na mke wake Euphrasie, na jinsi kupenda kuonekana kulivyokaribia kuwanyang'anya mtoto. Mimi ni Pélagie, fundi wa kushona. Cherehani yangu ilikaa barazani, na baraza yangu ilitazama kilima. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na yale nisiyoyaona niliambiwa na Euphrasie mwenyewe, mwanamke asiyejua kupamba maneno.

Nyuma ya mtaa wetu palikuwa na kilima kidogo chenye msitu mwembamba, na chini ya msitu ule ndipo ilipotoka chemchemi tuliyoiita Kamilanga. Asubuhi ukungu wa mto ulipanda polepole, ukaingia katikati ya miti na kukaa humo kama vile umefika kwao. Ulisikia sauti za wanawake wanaoteka maji kabla hujawaona, ukadhani msitu wenyewe unazungumza habari za bei ya chumvi. Hata mimi nilisahau mara nyingi nilichokuwa nashona, nikasimamisha mguu juu ya cherehani na kutazama tu. Siku zilikwenda hivyo, bila haraka, na treni ilifika ilipopenda.

Lakini msitu ule haukuanguka kutoka mbinguni. Zamani watu walikata miti ya kilima ili kuchoma matofali na kupata makaa, mpaka kiangazi kimoja Kamilanga ikawa inatoa maji kama machozi ya mtu asiyetaka kulia. Hapo ndipo tulipoogopa. Miaka ile, mnakumbuka, kila Jumamosi ilikuwa Salongo, kazi ya lazima ya wote: kufagia barabara, kufyeka majani mbele ya ofisi, na asiyeonekana aliulizwa alikuwa wapi. Watu wetu walimaliza Salongo ya Serikali, kisha badala ya kwenda kulala walibeba majembe yao wakapanda kilimani kufanya nyingine ambayo hakuna aliyewaamuru. Wakaiita Salongo ya Maji.

Kila nyumba ilipewa pande lake la kilima. Watu wa reli waliotoka Kasai, kama Kalonji na mke wake Kanku, walichimba mashimo bega kwa bega na Waislamu wa Kibombo, kama Zuberi muuza mafuta ya mawese. Walipanda misafu, miti ya matunda ya safu, na mivule. Miche ililelewa katika mikebe ya tomati chini ya paa la Euphrasie, kwa sababu nyumba yake na bustani yake ya mboga za lengalenga vilikuwa palepale chini ya chemchemi. Tena wanawake walijiwekea desturi yao: kila anayekuja kuteka, maji ya kwanza si yake, ni ya mti ulio karibu naye. Ungewaona wakinywesha miti kwanza, ndipo wajaze ndoo zao. Miaka ikapita, na miche ikawa miti iliyomzidi mtu urefu.

Mkuu wa kikundi hicho cha Salongo ya Maji alikuwa Okito, karani wa stesheni. Majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa, basi kazini aliitwa Citoyen Okito, yaani Mwananchi Okito, lakini nyumbani mkewe alimwita Edouard, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekula kitamu peke yake. Alikuwa mtu mwema, siwadanganyi. Alipanda miti mingi kuliko sisi sote. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alipenda kuonekana. Akikupa chumvi kidogo jikoni kwako, kesho yake atakuuliza mbele ya watu kama ile chumvi ilitosha. Sisi tulicheka tu. Tulidhani ni ugonjwa mdogo.

Yeye na Euphrasie walikuwa wamezika watoto wawili kabla hawajatembea. Kisha, walipokuwa wamekata tamaa, akaja Jeanne, msichana mnene mwenye kucheka hovyo. Euphrasie alimlaza kivulini karibu na mikebe ya miche wakati akipalilia bustani, na kila anayepita na ndoo aliinama kumgusa shavu. Tulisema mtoto huyu anakua pamoja na miti. Nyumba ile ilikuwa na amani, na amani yenyewe ilikuwa na harufu ya udongo wenye maji.

Basi, mwanzoni mwa mvua, Okito alirudi kazini na habari. Mgeni mkubwa atatoka Bukavu kwa ndege kuja kuona kazi za Salongo. Gari lake litapita katika barabara yetu kutoka uwanja wa ndege, na mtaa utakaoonekana umepanda miti mingi kando ya barabara utaitwa mtaa wa mfano. Mkuu wa kikundi cha mtaa huo atasema maneno machache redioni, na nchi nzima itamsikia. Euphrasie aliniambia kwamba usiku ule mumewe aliongea usingizini. Asubuhi akamweleza ndoto yake: alikuwa amesimama katikati ya miti mirefu, na mtu mkubwa amemshika mkono, hataki kuuachia. Aliieleza akitabasamu, macho yake yakiwa bado mbali.

Shida ilikuwa hii. Kando ya barabara yetu hapakuwa na mti hata mmoja. Miche iliyokuwa katika mikebe haikufika hata magotini, na mtu aliye ndani ya gari hawezi kuiona. Okito akawaita watu wa kikundi akawaambia shauri lake. Tukate miti michanga ya kilimani, ile tuliyoipanda wenyewe, tuichonge chini, tuisimamishe kando ya barabara. Itakaa mibichi siku moja, mgeni atapita, basi. Miti si yetu? Nani atatudai?

Watu walitazamana. Zuberi alisema kwamba hajapata kusikia mtu akikata shamba lake ili aonyeshe kuwa ni mkulima. Wengine walicheka, lakini kicheko kilikufa mapema, maana kila mtu aliwaza: ikijulikana kwamba mtaa wetu ulikataa kumpokea mgeni, itakuwaje? Hofu na sifa zikikaa benchi moja, akili husimama. Euphrasie alikuwa pembeni na Jeanne mgongoni. Hakuwa na desturi ya kusema mbele ya wanaume wengi, lakini siku ile alisema.

"Edouard, muti bila mizizi njo kuni tu."

Ndiyo kuni tu, alisema, tena akamwita Edouard mbele ya watu wote, na Okito akageuka kuangalia kama yupo mtu wa ofisi. Kisha akamjibu kwa upole, jinsi mtu anavyomjibu mtoto.

"Mama Jeanne, mugeni iko ndani ya motokari. Hatashuka kuangalia mizizi."

"Mugeni hataangalia," Euphrasie akasema. "Mvula itaangalia."

Wakamwacha aseme, wakachukua mapanga. Kesho yake mapema walipanda kilimani, na mimi nilisikia kutoka barazani, tu, tu, tu, ndani ya ukungu. Walichagua miti iliyonyooka, ile iliyo juu kabisa ya chemchemi kwa sababu ilikuwa karibu na njia. Jua lilipotoka, barabara yetu ilikuwa imebadilika. Nasema ukweli, ilikuwa nzuri. Miti ilisimama pande zote mbili, majani yanang'aa kwa umande, na watoto wakakimbia katikati yake kama walio katika nchi nyingine. Okito alitembea barabara nzima mikono nyuma. Ilikuwa ndoto yake ileile, ila sasa yumo ndani yake akiwa macho.

Mgeni hakuja. Walisema ndege imekosa mafuta, atakuja kesho. Jioni majani yakaanza kulegea. Okito akasema hatuwezi kumpokea mgeni kwa miti inayosinzia, basi ing'olewe, ikatwe mingine. Kesho yake mgeni hakuja tena, safari hii kwa sababu ya mawingu. Wakakata mingine. Mnaona jinsi jambo linavyokwenda? Hakuna aliyeamua kukimaliza kilima. Kila siku waliamua kuhusu siku ile moja tu. Miti iliyonyauka ilirundikwa nyuma ya nyumba, wanawake wakapikia, na sufuria zikachemka vizuri sana. Kanku alikuja kwangu kuchukua blauzi yake akasema kwa uchungu kwamba wali wake wa siku hizo ulikuwa na ladha ya jasho lake mwenyewe.

Nilipoinua macho kutoka kwenye cherehani, kilima kilikuwa kinapungua. Ukungu ulipanda asubuhi kama kawaida yake, ukafika mahali pa miti, ukakosa pa kukaa, ukapita.

Hatimaye mgeni alikuja. Tulipanga mstari, wasichana wakaimba nyimbo za Chama, ngoma zikalia. Magari yalipita kwa kasi ya wastani, na katika lile la katikati tulimwona mtu mnene amelaza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo. Alikuwa amelala. Alipita barabara yote ya miti yetu akiwa amelala, naye maskini alikuwa ametoka mbali. Okito alibaki amesimama, mkono juu, mpaka vumbi likatulia. Mtu mwingine angecheka hapo, akarudi nyumbani akabeba jembe. Yeye alisema: atarudi kwa njia hiihii kwenda uwanja wa ndege, na akirudi atakuwa macho.

Wakakata tena, ile ya mwisho.

Siku ya mgeni kurudi mvua ilianza asubuhi na haikupumzika. Si mvua ya kupiga kelele. Ilikuwa ile ya kwetu Maniema inayoshuka sawasawa, nzito, yenye subira, inayomfanya kila mtu ajisikie amelala huku anatembea. Barabarani miti isiyo na mizizi ilianza kuanguka mmoja mmoja. Okito akaita watu waje waishike kwa mikono. Basi wazieni watu wazima, baba za watu, kila mmoja amejificha nyuma ya mti, ameukumbatia, analowa, ili mtu atakayepita aone mti umesimama wenyewe. Okito alishika miwili.

Wakati huohuo Euphrasie alikwenda kuteka maji. Jeanne alimwacha ndani amelala. Alichota maji ya kwanza, akageuka kuyamwaga kwenye mti kwa mazoea ya mkono wake, akakuta hakuna mti. Alipotazama ndani ya ndoo, maji yalikuwa mekundu kama tope la matofali. Kamilanga haikuwahi kutoa maji mekundu. Akasikia juu yake sauti ndogo, kama mtu anayechana kitambaa kirefu polepole. Sauti hiyo mimi pia niliisikia, na mimi ni mtu wa vitambaa, nikainua kichwa.

Kilima kilikuwa kinatembea. Sijui kusema namna nyingine. Kilishuka bila haraka, na mashina yaliyokatwa yalikuwa yamesimama juu yake. Euphrasie alitupa ndoo akakimbilia nyumbani, lakini udongo ulimshika miguu mlangoni, ukamwangusha, ukamfukia hadi kiunoni. Aliita jina la mtoto. Aliita jina la Edouard. Aliyemsikia alikuwa Kanku, aliyekuwa nyumba ya pili akipika. Kanku alipita dirishani, mwanamke mnene vile, sijui alipitaje, akamtoa Jeanne katika kitanda ambacho tayari kilikuwa kimejaa tope. Ukuta wa nyuma ulianguka akiwa ameshatoka.

Nilifika mbio. Mtoto alikuwa kimya. Uso wake haukuonekana, ni udongo mtupu. Kanku alipiga magoti kwenye mvua, akaingiza kidole katika mdomo ule mdogo, akatoa tope, akaweka mdomo wake juu ya pua ya mtoto akavuta, akatema, akavuta tena. Sisi tulisimama. Euphrasie, aliyenaswa na udongo, alinyoosha mikono tu, wala hakulia. Nilitamani kuondoka nisione. Kisha Jeanne akakohoa, akatapika maji mekundu, akatoa kilio kibaya, kilio kizuri kuliko vyote nilivyosikia maishani mwangu.

Wanaume walifika kutoka barabarani. Okito alikuja mbele yao, na mikononi mwake, ndugu zangu, bado alikuwa na tawi. Alilitupa akaanza kumchimbua mkewe kwa kucha. Kama mgeni alipita saa ile, hatujui. Hakuna aliyebaki kumtazama.

Euphrasie alipotolewa alimchukua mtoto kwa Kanku. Hakupiga kelele. Alimwambia mumewe maneno ambayo wote tuliokuwepo tunayakumbuka.

"Wewe ulishika miti ya mugeni. Mutoto wako, Kanku njo alimushika."

Nyumba iliharibika nusu, bustani ikafukiwa pamoja na mikebe yote ya miche. Na Kamilanga ikafukiwa. Walichimba, walichimba, ikawa bwawa la tope. Tangu hapo wanawake wa mtaa walikwenda mtoni, mbali, wakarudi na maji ambayo matumbo ya watoto hayakuyapenda. Kikundi kilivunjika. Kila mtu alikuwa na kidole cha kumnyooshea mwenzake, na hakuna mwenye jembe. Majuto ni mjukuu, walisema wazee wetu, na kwetu mjukuu huyo alizaliwa mapema.

Euphrasie alipanda lori la Kibombo kurudi kijijini kwao Tunda na mtoto wake. Okito alimfuata hadi kwenye lori akimwahidi kwamba atapanda upya, kilima chote, na kila mtu ataona. Aliposikia hivyo, Euphrasie alifumba macho kidogo.

"Siku utapanda muti na usimuambie muntu," alisema, "siku ile nitarudi."

Okito alipewa chumba cha nje kwa Zuberi. Akawa mtu wa maneno machache. Kazini alikwenda, jioni alirudi, na hata chumvi akimpa mtu hakuiuliza tena. Mimi nilimwona mara kwa mara alfajiri akiingia katika ukungu wa kilima, nikadhani anatafuta kuni. Zuberi alimuuliza tope la magotini limetoka wapi, akajibu kwamba ameteleza. Kumbe alikuwa amekwenda kwa miguu upande wa Lokandu kuokota kokwa za safu, akazilea mahali palipofichika, akazipanda juu ya udongo ulioporomoka, akizibebea maji kutoka mtoni. Alitimiza sharti la mkewe. Lakini fikirini: hakumwambia mtu, basi nani angepeleka habari Tunda? Malori yalipeleka salamu, samaki wakavu na uvumi wa kila aina. Habari hiyo haikuwemo. Alipanda akijua kwamba huenda mkewe asisikie kamwe.

Ikapita misimu kadhaa ya mvua. Kisha Kanku alizaa mapacha, furaha kubwa kwa watu wa Kasai, na Euphrasie alipopata habari alisema hawezi kukosa kumpongeza mwanamke aliyempa mtoto wake mara ya pili. Lori lilimshusha barabara ya juu mapema asubuhi. Akakata njia kupitia kilimani, Jeanne akitembea mwenyewe mbele yake, akiuliza kila kitu jina lake.

Katika ukungu akaona vijiti vyenye majani vimesimama mistari mistari. Aliniambia moyo ulimshuka. Alidhani ni miti ya mgeni tena, kwamba watu wa Kindu hawafundishiki. Kwa hasira akaushika mmoja akauvuta ili autupe. Haukutoka. Akavuta kwa mikono miwili, mti ukajikunja, ukamvuta na yeye. Akaenda kwenye wa pili, nao pia. Alikwenda akivuta mmoja mmoja, na yote ikamkatalia, mpaka akafika mahali ambapo mtu alikuwa amepiga magoti akifukia shimo kwa viganja.

Okito aliwaona. Hakusema amepanda mingapi, wala tangu lini. Alimalizia kufukia shimo lake. Euphrasie akamnyanyua Jeanne akamkabidhi.

"Shika mutoto," alisema. "Jembe nipe miye."

FUNDISHO

Ndugu zangu, kazi inayofanywa kwa ajili ya macho ya mkubwa huishia pale macho yake yanapogeuka, na mara nyingi yamelala tangu mwanzo. Okito hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa mpanda miti hodari, na ndiyo sababu ninawaonya, kwa kuwa sifa huwala watu wema kwanza. Kikundi cha kutunza msitu kisipande ili kionekane, wala kisiogope kumwambia mkuu wake "hapana" kwa sababu tu amevaa vizuri na anajua Kifaransa. Na wewe baba, kabla hujaenda kusimamisha vitu vyako barabarani, uliza kwanza nani amebaki na mtoto. Kilima hakina haja ya kupigiwa makofi. Kinataka mizizi, na mizizi hukua mahali ambapo hakuna mtu anayetazama.